Nusu Kidonge cha Karani

Amepewa ngapi? Hilo tu ndilo swali, halihitaji digrii wala miwani, Daktari Cherono ameliuliza mara mbili sasa na kalamu yake inangoja juu ya kadi, Jumamosi na Jumapili mbwa huyu amepewa dawa ya presha mara ngapi, na sisi watu wazima watatu tunatazama sakafu kana kwamba jibu limedondoka huko likabingirika chini ya meza... Baba anakohoa, kile kikohozi chake cha ofisini, halafu anasema, Nusu, daktari, nusu kidonge kila asubuhi, kama ilivyoandikwa. Kama ilivyoandikwa, miaka thelathini na moja ya ukarani katika chama cha wakulima wa kahawa na bado anaamini kwamba kitu kikiandikwa kimetendeka. Senge Edinah, dada yake, amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye kalenda ya chanjo za ng'ombe, anasema bila kuulizwa, Mimi na mbwa wapi na wapi, na mimi Fridah, mwenye mdomo katika ukoo huu, mimi niliyetumia njia yote kutoka Sirisia hadi hapa Kitale nikipanga jinsi nitakavyowaumbua hawa wawili mbele ya mtaalamu, nimeshika tu sikio la Karani, sikio ni baridi, nani alijua sikio la mbwa linaweza kuwa baridi hivi saa nne asubuhi, jua likigonga mabati namna hii... Sabini na nane, anasema daktari, anakiangalia tena kimashine chake, mkanda bado umefungwa kwenye mguu wa mbele wa Karani, kamkanda kadogo kama ka watoto wachanga, mwezi jana ilikuwa mia moja na tisini, wiki ya kwanza ya dawa ikafika mia moja na hamsini tukafurahi, mnakumbuka, sasa ni sabini na nane, hii si kushuka, hii ni kuanguka. Kuanguka, ndiyo, jana baada ya kanisa, alikuja kutupokea langoni kama kawaida yake, miguu ikisokotana kama ya mlevi, akanusa viatu vya Baba, kimoja, cha pili, akajilaza chini taratibu kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba amechoka, na Senge akapita juu yake na Biblia yake akisema, Hii mbwa sasa imezoea, ati mpaka ibebwe, lakini asubuhi hii ni nani alitoa blanketi lake la sufi kumfunikia Karani nyuma ya Probox ya jirani yetu Matthew, simwoni akilidai, sikumwuliza, hakuna mtu huuliza kitu katika nyumba ile, tunaulizana kama chai iko na sukari.

Mama ndiye alimpa jina hilo, Karani, ili akiita mbwa Baba ashtuke, Karani toka kwa maua yangu, Karani nani amekwambia ulale hapo, na wote wawili wakainua vichwa, alicheka hadi akashika ukuta, na mbwa akalishika jina na kazi yake, hakuna anayepita lango lile bila kucheleweshwa na kukaguliwa... miaka miwili sasa bila Mama, na siku ya tatu baada ya mazishi, tuliponyolewa na vitu vyake vikagawanywa pale uani, sufuria kwa huyu, gauni la kanisani kwa yule, sweta ya kijani kwa Senge, wazee walitaja mpaka jembe lililovunjika mpini lakini hakuna aliyemtaja mbwa, utamgawaje mbwa, watu watasema nini, kwa hiyo mbwa akajigawa mwenyewe, alikwenda akalala juu ya ile sweta ya kijani na Senge akamfukuza na kandambili, akarudi, akamfukuza, akarudi... Sikizeni, anasema Daktari Cherono, ameiweka kalamu chini, ni mdogo kuliko mimi na anazungumza nasi kama mwalimu wa chekechea aliyelala vizuri, Mzee, dawa yenyewe si mbaya, ni ile ile unayomeza wewe, na mbwa mgonjwa wa figo kama huyu tunampa kabisa, presha ikiwa juu inapasua figo, inapasua macho, si mliona alikuwa ameanza kugonga nguzo, lakini ikishuka sana zile figo hazipati damu, zinakauka, na figo za huyu hazina akiba, mimi nilitaka presha ya katikati, ndiyo maana niliwaambia nusu, na niliwaambia mkisahau siku moja, acheni, ngojeni kesho, msifidie.

Msifidie. Alisema hivyo, nakumbuka alivyosema, nilikuwa nimesimama papa hapa nikiandika kwenye simu, mbwa wa kilo ishirini na mbili, nusu, asubuhi, pamoja na chakula, maji asinyimwe, na hilo la msifidie sikuliandika... niliandika ratiba badala yake, nimesomea takwimu mimi, karatasi nzuri yenye mistari, tarehe moja hadi thelathini na moja na kisanduku cha kuweka tiki, nikakata vidonge thelathini kwa wembe juu ya sahani, nusu sitini ndani ya chupa ya jamu, nikampa Baba kama ninayemkabidhi funguo za benki, na Baba akaipokea ile ratiba kwa mikono miwili, yeye ambaye hajawahi kukubali kwamba anampenda mbwa, mbwa ni wa kulinda, husema, mbwa ni mbwa. Sasa Daktari anasema, Kwa hivyo niko na njia mbili, kama alipewa nusu peke yake na presha imeanguka hivi, basi si dawa, ni mwili umekataa, na mimi sitamtesa na dripu, nitawaambia mumuage leo, hapa, hatasikia uchungu, lakini kama alizidishiwa, hata kwa bahati mbaya, ninaacha dawa, ninamwekea maji ya mshipa, tunapima damu kesho na kesho kutwa, anaweza kuinuka, huyu bado ana nguvu ya kushindana, ona macho, mimi siko hapa kumkamata mtu, nataka nambari tu. Nambari tu. Nje tuktuk inanguruma ikigeuza, mtu anamwambia mwenzake niaje, mwenzake anajibu fiti, maisha ya watu yanaendelea, na Karani ananitazama kwa lile jicho lake la kushoto ambalo bado linaona, hanilaumu, mbwa hana ustaarabu huo... mumuage, alisema, eti mumuage, na sisi tutamuaga hivi hivi, tutamwacha achomwe sindano hapa juu ya meza ya bati kwa sababu watu watatu walioenda kwa ibada wanaona aibu kusema nani alimlisha mbwa.

Mimi ninajua nambari moja. Ninajua mbili. Ijumaa jioni nilifika nyumbani, tarehe ishirini na moja, nikaenda moja kwa moja kwenye ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na tiki zilikuwa zimejaa hadi tarehe thelathini na moja, zote, zimenyooka, wino uleule, mkono uleule wa Baba, siku kumi ambazo Mungu mwenyewe alikuwa hajazifungua, nikasema aha, ndivyo ilivyo, karani ameketi siku moja akajaza mwezi mzima, mbwa hapewi kitu, tunapewa karatasi. Sikumwambia. Ningemwambia nini, Baba umeghushi, mbele ya dada yake, na ugali uko mezani... kwa hiyo Jumamosi nikaamka mapema kabla Senge hajawasha moto, nikachukua nusu kutoka kwenye chupa, nikaiviringa ndani ya tonge la ugali wa jana, nikampa Karani nyuma ya choo, nyuma ya choo kama mtu anayeiba, mimi mwenye shahada mbili, na Jumapili tena, kisha nikanawa mikono nikaenda kanisani nikaimba. Na jana baada ya yeye kulala pale langoni nikamwaga ile chupa kitandani nikahesabu, nusu ishirini na moja zimebaki, na hesabu yangu ilikuwa tayari kichwani njia nzima, sitini toa mbili zangu ni hamsini na nane, hata nikimpa Baba heshima yake yote na kusema tiki zake ni za kweli hadi jana, ishirini na tatu, zinabaki thelathini na tano, zipo ishirini na moja, kumi na nne ziko wapi, Baba anazimeza, nilisema, zake zimemwishia na hataki kwenda kliniki kupanga foleni, anameza za mbwa, nitamuumbua, nitasema mbele ya Daktari, Mzee, hebu tueleze kumi na nne... nilikuwa nimelipanga vizuri, hata sauti nilikuwa nimeichagua.

Kwa nini siisemi. Kwa sababu nikisema kumi na nne lazima niseme na mbili. Senge anafungua mkoba, anafunga, anafungua, kile kishikizo kinalia kama ulimi wa mtu anayenung'unika, Daktari naye amechukua kijitaa anamulika ufizi wa Karani, mweupe, mweupe mno, anasema peke yake... Mama alikuwa na ufizi mweupe hivi? Hapana, Mama nilimwona tu mdomo umepinda, kule alikoanguka kwenye shamba la maharagwe, presha haikushuka kwa Mama, ilipanda, ilipanda ikavunja kitu kichwani, na vidonge vyake vilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, pakiti baada ya pakiti, hazijaguswa, nilizikuta mwezi wa nane nikitafuta chumvi, miezi miwili kabla hajafa, na Mama akanipokonya kopo akicheka, Wewe, hizo zinanipeleka choo kila nusu saa, nitakaaje kwenye mkutano wa akina mama, usimwambie baba yako, nitameza kesho. Na nikacheka. Nilicheka, ndiyo, ilikuwa ni siri ya wanawake wawili jikoni, na nikarudi Kitale kusahihisha mitihani, na Baba ana daftari lake hadi leo, la Mama, kila jioni alimwuliza, Umemeza, naye, Nimemeza, na tiki, tiki, tiki, mwaka mzima wa tiki, halijakosa hata siku moja, lipo kabatini juu ya suti yake, na mimi peke yangu duniani ninajua kwamba daftari lile ni uongo kutoka jalada hadi jalada, na sikuwahi kumwambia, nilisema ninamhurumia, lakini si nilikuwa ninajihurumia mimi, si angeuliza, Ulijua lini... kwa hiyo mbwa wa Mama hatakosa, niliapa, huyu hatakosa hata nusu, na ndipo ile simu, ngoja, ile simu, ilikuwa Jumapili, tarehe tisa, Baba amepiga, na yeye simu lazima aiweke kipaza sauti ati inamchoma sikio, anauliza, Nakhungu, ndivyo anavyoniita, na kama mtu hajui mbwa amepewa ama hajapewa, anafanya nini, na mimi nikiwa na rundo la karatasi za mtihani mapajani nikajibu haraka, nikajibu kwa ile sauti yangu ya kumaliza mazungumzo, Baba, ukiwa na shaka, mpe tu. Mpe tu. Daktari alisema msifidie, na mimi nikasema mpe tu, na nyuma ya Baba nilisikia sufuria zikigongana kisha zikaacha kugongana, mtu ameacha kuosha vyombo ili asikie... tarehe tisa. Kumi hadi ishirini na tatu ni siku ngapi, mwalimu wa takwimu, hesabu kwa vidole kama huwezi.

Mzee, hiyo karatasi mnayo? anauliza Daktari, ile ya kuweka alama, na Baba, ambaye amengoja swali hili tangu tuingie, ambaye mikono yake haikujua pa kukaa, anaingiza mkono ndani ya koti anaitoa, ameikunja mara nne kwa kucha, ameing'oa kwenye mlango pamoja na utepe wake, anaifungua juu ya meza karibu na mkia wa Karani na kuipapasa ilale sawa. Daktari anaitazama. Ninamwona akifika mahali nilipofika mimi Ijumaa, ninaona nyusi zikipanda, sasa ataumbuka, sasa ataumbuka, na sitaki, Mungu wangu, sitaki tena. Mzee, anasema polepole, leo ni tarehe ishirini na nne. Ndiyo. Hapa umeweka mpaka thelathini na moja. Ndiyo, anasema Baba, na hata hakohoi, anamtazama yule daktari msichana kwa mshangao wa kweli, kama mkulima aliyeulizwa kwa nini amelima kabla ya mvua, Nilikuwa na hakika, daktari, mke wangu nilikuwa nikimwuliza kwanza, lakini huyu simwulizi, huyu ninampa mimi mwenyewe na mkono wangu, saa kumi na moja na nusu, ninamfungua mdomo ninaona imeshuka, sasa nitangoja nini kuweka alama, nilijua sitakosa. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akiiambia meza labda, Yule mwingine nilikuwa ninaandika tu kile aliniambia.

Yule mwingine. Alijua. Amejua muda wote, miaka miwili, anajua daftari lile ni nini na analiweka juu ya suti yake, na mimi nimelala na siri hii kama mtu aliyelalia jiwe nikidhani ninamfunika yeye... na tiki zile hazikuwa uongo, zilikuwa kiapo, alikuwa ameapa kwa njia pekee anayoijua, kwa kalamu, na mimi nilitazama kiapo cha mtu nikasoma wizi, kwa sababu ndivyo ninavyosoma watu, haraka, huku natafuta kosa, mkono kwenye wino mwekundu. Yeye alimpa nusu yake alfajiri, kila siku, na mimi nikaja nyuma ya choo na nusu yangu juu ya nusu yake, na katikati yetu mtu mwingine na nusu zake, anayeona tiki zimejaa mapema kama nilivyoziona mimi, anayemwona kaka yake amezeeka, anayewaza kama nilivyowaza, huyu mbwa anaachwa kufa na hakuna mtu wa kuniona nikimpa, ukiwa na shaka mpe tu, kila mmoja na tonge lake na kona yake, tumempenda mbwa huyu kwa kujificha hadi tumekaribia kumwua. Karani anavuta pumzi, ndefu, inakatikakatika, ubavu unashuka, ninangoja upande, unapanda. Daktari Cherono amechukua kalamu tena, anaandika kitu, anasema kwa upole sana, upole ule unaonitisha, Basi kama ni nusu peke yake, Mzee, mimi naona tusimsumbue, na Baba anaitikia kwa kichwa, anaitikia, anavua kofia yake anaishika kifuani kama kwenye kaburi, atakubali, karani atakubali kwa sababu karatasi inasema nusu...

Mbili zaidi, ninasema. Sauti inatoka ikiwa imekauka, siyo ile niliyoichagua njiani. Daktari, mimi nilimpa mbili zaidi, moja Jumamosi, moja jana, nikajificha, sikumwambia mtu, nilidhani Baba hampi. Na wewe ulituambia tusifidie, nilisikia, nikaenda nikawaambia wakiwa na shaka wampe, hayo yalitoka kwangu. Baba ananigeukia, kofia bado kifuani, na siwezi kusoma uso wake na kwa mara ya kwanza sijaribu, Daktari anaandika mbili, anazungushia duara, anahesabu midomo ikicheza, anatikisa kichwa, Nusu mbili kwa siku, siku mbili tu, inaweza kumtikisa, sijui kama inaweza kumfikisha hapa, mna hakika hakuna nyingine, na mimi ninajua ipo nyingine, ninajua mpaka idadi yake, iko ulimini, kumi na nne, ninaweza kuisema na kumaliza, na ninauma ulimi, siyo yangu kuisema, sitaisema, dakika moja, mpe dakika moja, mguu wa Karani ndani ya ule mkanda umekuwa mwepesi kama kijiti cha kuwashia moto na bado ninangoja... kishikizo cha mkoba kinalia mara moja, hakilii tena. Senge hajageuka, bado anaitazama ile kalenda ya ng'ombe, shingo imenyooka, mkono wake unatoa ndani ya mkoba kipande cha gazeti kilichokunjwa, chenye mafuta, chenye makombo ya ugali, anakiweka juu ya magoti.

Andika na zangu, anasema. Kumi na nne.